Trampolini ndogo ya nyumbani: inasaidia nini kweli, na wapi wanatupiga kamba

Kwenye kazi yangu ya fiziotherapia hapa Kigoma nikishamwambia mgonjwa afanye mazoezi, jibu ni moja tu, "sasa nifanyie wapi?" Na ana haki jamani. Mvua zikichanganya njia za Gungu ni tope tupu, kiangazi ni vumbi, kile kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga mtu mwenye kilo zake akikipanda anafika juu hoi, halafu akina mama wengi wa Ujiji wanakwambia kabisa hawawezi kukimbia barabarani mtaa mzima unawatazama. Ndo maana hizi trampolini ndogo, yani kitambaa kilichokazwa kwa springi au mipira kwenye fremu ya duara ya upana wa kama mita moja, unarukia juu yake, mimi nazikubali.

Sababu kubwa ni magoti na vifundo. Mwaka 1980 ulitoka utafiti uliohusisha NASA, lile shirika la anga za juu la Marekani, vijana wanane walifungwa vipimo kwenye kifundo cha mguu, mgongoni na kwenye paji la uso, wakapimwa wakikimbia kwenye mashine na wakiruka trampolini. Wakikimbia, kifundo kilipata mtikisiko zaidi ya mara mbili ya ule wa mgongo na kichwa, yani huko chini ndo kunaumia, ila kwenye trampolini mtikisiko uligawanyika karibu sawa sehemu zote tatu. Sasa huo huo utafiti watu wa mtandaoni wameunyofoa wakatoka na "NASA imesema ni bora kuliko kukimbia kwa asilimia 68", ukisikia utadhani inayeyusha kitambi, wakati mafuta ya tumbo hayakupimwa hata kidogo.

Ila moyo unafanya kazi kweli. Baraza la Mazoezi la Marekani mwaka 2016 lilitoa matokeo ya wanafunzi 24 wa chuo waliopimwa wakiruka trampolini hizi ndogo, wanaume walichoma wastani wa kalori kama 12 kwa dakika, wanawake kama 9, na wenyewe walijiona hawajachoka kiasi hicho. Hapo ndo pananifurahisha, kwa sababu zoezi lisilochosha sana mtu halitoroki. Habari za kwamba kuruka "kunatoa sumu" mwilini achana nazo, hiyo ni kazi ya ini na figo.

Sasa namna ya kuruka. Kwanza usiruke! Sukuma kitambaa chini kwa kisigino, magoti yamelegea kidogo, tumbo umelibana, macho mbele sio miguuni. Mgeni namsimamisha karibu na dirisha ashike nondo kwa mkono mmoja, apishanishe visigino tu, vidole visiachane na kitambaa, na hapo hapo utaona jasho linamtoka na bado hajaruka hata kidogo. Anza na dakika tano, ongeza taratibu, Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa mtu mzima na kutembea kwako sokoni kwa haraka nako kumo.

Kuna jambo akina mama wananiambia kwa kunong'ona, mkojo unaponyoka wakiruka. Dada yangu, hilo lipo sana hasa baada ya kuzaa, ni misuli ya chini ya nyonga imelegea na ina mazoezi yake, kwahiyo tuianze hiyo kwanza, trampolini itakusubiri. Mjamzito, mwenye kizunguzungu, mwenye presha isiyotulia au aliyefanyiwa upasuaji juzi juzi aonane na daktari kabla. Bibi na babu mguu ukiwa hauna uhakika wapande ile yenye mshikio tu.

Ukinunua soma uzito inaobeba, kagua springi au mipira isiwe imechanika, iweke kwenye sakafu iliyo sawa na angalia feni ya juu iko umbali gani na kichwa chako. Watoto wakirudi shule isimamishe ukutani, hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, wawili wakiruka pamoja yule mwepesi ndo anarushwa.