Kwa nini unga mweupe wa oksidi ya zinki hung'aa kijani?

Oksidi ya zinki ni unga mweupe unaotiwa kwenye marhamu, matairi na mafuta ya kukinga ngozi na jua. Ukiumulika gizani kwa mwanga wa urujuanimno, mara nyingi huwaka kijani. Ajabu ni kwamba fuwele kamilifu ya oksidi hii, yaani ile ambayo kila atomi imekaa mahali pake, haina sababu ya kutoa rangi hiyo. Kijani kinatokana na kasoro.

Wengi huamini kwamba kasoro huua mwanga tu, na kwamba fuwele ikiwa safi zaidi ndivyo inavyong'aa zaidi. Imani hiyo ina ukweli ndani yake: zipo kasoro, hasa kwenye uso wa chembe, zinazogeuza nishati kuwa joto bila kutoa mwanga wowote. Lakini zipo nyingine zinazotoa mwanga wa rangi yake zenyewe, na katika chembe ndogo mwanga huo unaweza kuuzidi ule wa fuwele yenyewe. Kwa hiyo si sahihi kuuliza kama kuna kasoro au hakuna, maana daima zipo. La kuuliza ni kasoro gani, na iko wapi.

Fikiria jiwe linaloanguka kutoka juu ya paa. Likifika chini moja kwa moja, kishindo ni kikubwa. Likitua kwanza kwenye kibaraza kilicho katikati, kishindo kile kimoja hugawanyika kuwa viwili vidogo. Elektroni iliyopandishwa na urujuanimno hushuka vivyo hivyo. Katika oksidi ya zinki kimo cha kushuka ni takriban elektronivolti 3.37 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati), na elektroni ikishuka kwa mkupuo mmoja, hutoa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 380 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), usioonekana kwa macho. Atomi ikikosekana mahali pake, au ikijipenyeza pasipo pake, hapo hutokea kibaraza. Mshuko mmoja kati ya ile miwili hutoa nishati ndogo zaidi, karibu elektronivolti 2.4, na huo ndio mwanga wa kijani.

Udogo wa chembe huzidisha hali hii. Katika chembe yenye kipenyo cha nanomita 5, karibu theluthi ya atomi zake ziko kwenye uso au karibu nao, mahali ambapo mpangilio wa fuwele umekatika.

Kasoro ipi hasa? Mwaka 1969 mtafiti Dingle alitaja atomi za shaba zilizoingia kama uchafu. Mwaka 1996 Vanheusden na wenzake walitaja mapengo ya oksijeni. Wengine hutaja mapengo ya zinki. Ubishi haujaisha, na huenda kila upande una haki kwa sampuli zake, kwa sababu namna ya kutengeneza unga hubadilisha kasoro zilizomo.

Viwanda havikusubiri jibu. Unga huu ukipashwa moto mkali mahali penye upungufu wa oksijeni hubaki na zinki ya ziada, na ukipigwa na elektroni huwaka kijani-samawati. Ndio uliowasha tarakimu za vikokotoo na saa nyingi za mezani.

Maabara nazo hulinganisha urujuanimno na kijani vinavyotolewa na sampuli ili kupima ubora wa fuwele. Kipimo hicho kinataka tahadhari: ukiongeza ukali wa mwanga unaomulika, vibaraza hujaa, urujuanimno hupanda kuliko kijani, na sampuli ileile huonekana safi zaidi bila kasoro hata moja kuondoka.