Mkono wako una nguvu ya kutosha, tatizo ni pua

Jumamosi nimeulizwa tena, kwenye mazoezi yetu ya gofu ya visahani (disc golf) hapa Malindi. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mbichi umeshikana vizuri, na tulikuwa tunarusha kuelekea upande wa Mnara wa Vasco da Gama, upepo wa kusi ukitupiga usoni. Kijana mmoja, mvuvi wa nyavu za jarife, mwenye mabega mapana, akachukua draiva, kisahani cha kurushia mbali, na kuirusha kwa bekihendi, mkono ukianzia upande wa pili wa kifua. Ikapanda, ikasimama hewani kidogo, ikalalia kushoto na kuzama baharini, hatua arobaini hivi kutoka aliposimama. Akanigeukia: "Kocha, niongeze nguvu?"

Hapana! Kila wiki swali ni hilohilo, la watoto na la watu wazima, na kila wiki nguvu ikiongezwa kisahani kinazidi kupanda na kuanguka karibu. Wengine hunitajia rekodi ya umbali ya David Wiggins Jr., mita 338 mwaka 2016 kule Nevada, kana kwamba ni ushahidi wa misuli. Kisahani kile kilirushwa jangwani, upepo mkali ukiwa mgongoni. Sisi hapa kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi tunarusha ndani ya kusi, na kusi haisamehi pua, yaani ukingo wa mbele wa kisahani, ikiwa juu.

Tazameni kinachotokea. Kisahani kikitoka mkononi pua ikiwa juu, hewa inakigonga tumboni, kinapanda badala ya kwenda. Kinapopungua mwendo, hewa inazidi kukiinua upande wa mbele, chini ya pua. Lakini kinazunguka, kwa hiyo msukumo ule hauonekani pale ulipogonga, unajitokeza ubavuni, na kisahani kinalalia kushoto. (Nasemea mkono wa kulia, mashoto wageuze.) Visahani karibu vyote humalizia kushoto, hata vya mabingwa, ila vya mabingwa hulala vikiwa vimeshakwenda. Chako kinalala njiani. Ukiongeza nguvu bila kugusa pua, umeongeza hewa inayokigonga tumbo, basi.

Tukirudi kuelekea jeti (gati), upepo ukiwa mgongoni, kosa lilelile linafichika. Kisahani kinabebwa, mtu anadhani amepona. Ndiyo maana siamini mrusho wowote mzuri wa upande ule mpaka niuone na upande huu.

Sasa kinachoniudhi zaidi. Nikimwambia mtu "shusha pua", anashusha mkono mzima na kurusha kuelekea chini. Hajashusha pua, ameshusha njia! Hivyo ni vitu viwili. Kisahani kinaweza kupanda juu ya mivinje pua yake ikiwa chini ya njia kinayopita, na kinaweza kwenda kujichimbia mchangani pua ikiwa juu. Kinachohesabika ni pua ikilinganishwa na njia, wala si pua ikilinganishwa na ardhi. Nimelieleza hili kwa kuchora mchangani, kwa sinia, kwa kandambili, na bado nikigeuka naona mtu ameinama anarushia kaa.

Kilichosaidia kuliko vyote ni dele la kahawa. Mtazame muuza kahawa anavyomimina: bega limetulia, kiwiko kimetulia, kifundo peke yake kinainama, kidole gumba kikielekea mbele na chini. Mwendo ni huohuo. Shika kisahani, kimimine kidogo hivyo, kisha kibakishe kifundo hapo mpaka kitoke mkononi. Na ukikishika, ukingo ulalie mstari wa kiganja, kutoka shina la kidole cha shahada kwenda kwenye kisigino cha kiganja. Ukiukatisha juu ya vidole peke yake, pua itainuka hata umimine dele zima.

Kupima ni rahisi. Mwenzako achuchumae nyuma yako na simu, usawa wa kifua chako, akupige video. Kikitoka mkononi akauona mgongo wa kisahani umefunguka kama sahani ya wali, pua iko juu. Akikiona chembamba kama ukingo wa sarafu, uko vizuri.

Mambo mengine kwa haraka. Jarife huvutwa kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho. Kisahani hakitaki hivyo. Anza polepole, kilete karibu na kifua, nguvu ije mwishoni kiwiko kinapofunguka. Kati ya mkono wa juu na kifua acha nafasi, kama umekumbatia mtungi. Ikibanwa, kisahani kitakuzunguka na kwenda kokote. Mguu wa mbele ugeukie kisigino. Kwenye mchanga mkavu mguu unazama na goti ndilo linalosokotwa, kwa hiyo turushe maji yakiwa yamekupwa.

Kuhusu nyonga na mkono nina shaka na mafundisho yangu mwenyewe. Kwa muda mrefu nilifundisha kwamba mkono ni kamba tu, nyonga ndizo zinazorusha. Wapo waliofunguka kwa maneno hayo, na wapo walioharibika kabisa, mkono ukalegea wakawa wanajizungusha kama pia. Siku hizi yule anayevuta mapema namwambia alegeze, na aliyelegea namwambia avute, na najua maneno hayo mawili hayapatani. Zile hatua za kupishanisha miguu kabla ya kurusha nazo nilizifundisha mapema mno. Sasa mtu arushe amesimama mpaka pua itulie.

Yule kijana nilimpa puta, kisahani cha mwendo wa polepole cha mirusho ya karibu. Miguu imesimama, nusu ya nguvu. Mara ya kwanza akarusha chini, kama kawaida. Mara ya pili pia. Nikamwambia, "Mwanangu, mimina, usiiname." Ya tatu ilitoka chembamba, ikakata upepo usawa wa kifua, ikaenda ikaenda, na ilipolala kushoto ilikuwa imeshapita pale draiva yake ilipozama. Alibaki ameukodolea macho mkono wake. Kisha akakimbia kuifuata kabla wimbi halijaifikia.

Jumamosi hii leteni puta peke yake. Draiva ziacheni nyumbani.