Odometa ya elektroniki kwenye pikipiki ya kuunda: maneno ya gereji na ukweli wake

Katwe, Kampala, fundi anaweza kukuchomea chasisi mpya, akapachika injini ya pikipiki ya Bajaj Boxer, mbele akaweka rimu ya inchi 18 iliyotoka pikipiki nyingine, na kwenye usukani akafunga mita ya dijitali, yenye spidi na odometa (hesabu ya kilomita zote), iliyonunuliwa soko la vipuri la Kisekka bila karatasi ya maelezo. Pikipiki inatembea vizuri. Kilomita ndizo zinazodanganya, au hazisogei kabisa, na kila makanika ana lake la kusema.

"Mita imekufa, nunua nyingine." Neno hili ndilo linalokula pesa nyingi, na mara nyingi mita ni nzima. Kazi yake si kubwa: sensa iliyo karibu na gurudumu hutuma mpigo wa umeme kila sumaku inapopita, mita huhesabu mipigo na kuizidisha kwa mzingo wa tairi. Mipigo isipofika, namba hazisogei. Basi anzia chini kwenye gurudumu.

Sensa ya nyaya mbili kwa kawaida ni swichi tu inayofungwa na sumaku. Ichomoe, weka testa kwenye mlio, nyanyua gurudumu ulizungushe polepole. Testa ilie kila sumaku inapopita. Yenye nyaya tatu huwa ni ya aina ya Hall, yaani chipu inayohisi sumaku, na hiyo haifanyi kazi mpaka ipewe umeme wake, mara nyingi volti 5 au 12 kutegemea mita. Ipime ikiwa imeunganishwa: kwenye waya wa ishara volti zipande na kushuka sumaku inapopita. Zikikaa palepale, tazama nafasi kati ya sensa na sumaku, maana inatakiwa milimita chache tu. Bado? Geuza sumaku. Sensa nyingi za Hall hujibu upande mmoja tu wa sumaku, na aliyeibandika kwa gundi huenda hakujua kwamba ina upande.

Sumaku na sensa zikiwa sawa, fuata waya mpaka shingoni, pale usukani unapogeukia. Shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Uvute taratibu kwa vidole: palipokatika hunyumbuka kama mpira.

"Ikionyesha namba, inapima sawa." Sivyo. Mita haijui umefunga tairi gani. Inajua ulichoiandikia, au alichokiandika mwenye pikipiki ya zamani. Tairi la 3.00-17 kwa hesabu lina mzingo wa kama milimita 1835, na la 3.00-18 kama 1915. Ukifunga la inchi 18 bila kugusa mipangilio ya 17, safari ya Kampala hadi Jinja, ambayo ni karibu kilomita 80, itasomeka pungufu kwa kilomita 3 na zaidi. Spidi nayo itasomeka chini ya mwendo halisi, na hilo ni baya kuliko kilomita kupotea. Idadi ya sumaku nayo ni muhimu: mita inayotarajia mpigo mmoja kwa mzunguko ukiipa sumaku nne itakuambia unakwenda 160 nawe uko kwenye 40.

Usitegemee hesabu ya vitabuni peke yake, kwa sababu tairi likibebeshwa uzito hubonyea. Jaza upepo unaotakiwa, tia alama ya chaki kwenye tairi na chini, mtu akae juu, sukuma mizunguko mitano kwa mstari ulionyooka, pima kwa futi kamba, gawa kwa tano. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza.

"Ukibadilisha sproketi, odometa inaharibika." Sproketi ni gia ya meno inayoshika mnyororo. Inategemea sensa iko wapi. Ikisoma gurudumu, sproketi haiihusu. Ikisoma shafti ya gia boksi, hapo ndiyo, vipimo vinabadilika na lazima upange upya.

"Namba zinaruka zenyewe, hiyo ni mita feki." Kabla ya kuilaumu, ona waya wa sensa umepita wapi. Ukifungwa pamoja na waya mzito wa plagi, cheche huingiza mipigo ya uongo. Utenganishe, kaza waya hasi kwenye chuma kisicho na rangi, na tumia plagi yenye rezista; kwenye NGK ni herufi R katikati ya namba yake.

"Ya kupiga kiki haihitaji betri." Wanaounda pikipiki hupenda kuitoa betri ili chasisi ionekane nyepesi. Injini inaweza kuwaka bila hiyo, lakini betri ndiyo inayotuliza umeme, na mita za dijitali hazipendi mawimbi. Pima betri injini ikivuma: kama volti 14 ni sawa, zikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, ndiyo mgonjwa.

Kuhusu maji na vumbi la murramu, watu hupaka silikoni wakidhani wamemaliza. Ile inayonuka siki hula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo, na mwambie kijana wa kuosha asielekeze pampu kwenye mita.

Na lile la kuchomoa betri ili kilomita zirudi sifuri: jumla huwekwa kwenye chipu isiyohitaji umeme kuishika. Saa na kilomita za safari fupi ndizo zinazoweza kufutika. Ukibadilisha mita kihalali, andika jumla ya zamani na tarehe kwenye karatasi, uipige picha pamoja na mita zote mbili. Mnunuzi wa kesho atauliza injini imetembea kiasi gani, na mita mpya haijui.