Hataza si ruhusa ya kutengeneza

Ikitangazwa betri mpya, njia mpya ya kulinda data au kichocheo kipya cha kiwandani (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali), habari yake haikosi maneno haya: kampuni fulani "imepata hataza, hivyo sasa inaruhusiwa kutengeneza". Wapo wanaoongeza kwamba serikali "imethibitisha kuwa kinafanya kazi". Yote mawili si kweli, na la kwanza ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu watu huweka fedha na miaka ya kazi juu yake.

Maana yenyewe ni fupi. Hataza ni haki ambayo nchi humpa mvumbuzi wa kitu kipya, kisicho dhahiri kwa wataalamu wa fani husika na kinachoweza kutumika viwandani, ili awazuie wengine wasikitengeneze, wasikitumie, wasikiuze wala kukiingiza nchini bila idhini yake. Haki hiyo ina kikomo, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, na ina sharti: mvumbuzi aeleze hadharani jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Maandishi ya programu yana hakimiliki, jina la bidhaa lina alama ya biashara, na fomula iliyofichwa ni siri ya biashara. Hizo ni haki nyingine, tuziache.

Neno la kushika hapo ni kuzuia. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 kuhusu miliki ubunifu, unaozifunga nchi zote wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unaeleza katika kifungu cha 28 kwamba mwenye hataza ana haki ya kuwazuia wengine. Hausemi popote kwamba yeye mwenyewe anaruhusiwa kutengeneza. Ni kama mwenye shamba lililozungukwa na mashamba ya wenzake: anaweza kumfukuza yeyote anayekanyaga kwake, lakini yeye mwenyewe hafiki humo bila kupita kwa jirani.

Betri ya lithiamu-ioni inalionyesha jambo hili kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi John Goodenough na wenzake pale Chuo Kikuu cha Oxford waligundua kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu inafaa sana kuwa kathodi, yaani upande chanya wa betri. Chuo hakikutaka kugharamia hataza. Aliyeichukua ni taasisi ya utafiti wa nishati ya atomiki ya Uingereza iliyoko Harwell, na Goodenough akatia saini kuachia haki zake. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei, Japani, aliiunganisha kathodi hiyohiyo na anodi (upande hasi) ya kaboni, akaondoa haja ya kutumia metali tupu ya lithiamu ambayo ilikuwa hatari, akaombea mpangilio huo hataza. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za aina hii mwaka 1991.

Sasa tazama haki zilivyokaa. Yoshino na kampuni yake walikuwa na hataza halali kabisa ya betri nzima. Hata hivyo ndani ya betri hiyo mlikuwa na kathodi ambayo hataza yake ilikuwa ya mwingine, na bado ilikuwa hai. Mahali ambapo hataza zote mbili zilikuwa na nguvu, mwenye betri hakuweza kuuza bila idhini ya mwenye kathodi, na mwenye kathodi naye hakuweza kutengeneza mpangilio wa Yoshino bila idhini ya Asahi Kasei. Kila mmoja alikuwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham, aliyeanza kazi ya betri za lithiamu katika kampuni ya Exxon, waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Tuzo inagawanyika vizuri namna hiyo, lakini hataza za watu tofauti hubebana ndani ya bidhaa moja, na kila mwenye nayo anadai chake.

Hali hii si kasoro ya mfumo. Uvumbuzi karibu wote hujengwa juu ya uvumbuzi mwingine, kwa hiyo hataza mpya mara nyingi hukaa ndani ya hataza ya zamani yenye wigo mpana zaidi. Kabla ya kujenga kiwanda, mtu makini hufanya uchunguzi wa pili, tofauti na ule wa kuangalia kama uvumbuzi wake ni mpya. Wa kwanza unauliza kama kitu hiki kimewahi kujulikana. Wa pili unauliza kama kuna mtu anayeweza kunizuia nisikiuze. Mvumbuzi anaweza kufaulu wa kwanza kwa alama zote akaanguka kwenye wa pili, na wengi huanguka kwa sababu hawakujua kwamba upo.

Kwenye usalama wa data mambo yalikuwa hayohayo, tena mtu alihitaji kompyuta tu ili ajikute ameingilia hataza. Wazo la ufunguo wa umma, kwamba mtu anaweza kutangaza ufunguo wa kufungia ujumbe huku akibaki peke yake na ule wa kufungulia, lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Chuo Kikuu cha Stanford kilipata hataza ya mbinu yao mwaka 1980, na nyingine ya Hellman na Ralph Merkle ilifuata mwaka huohuo. Rivest, Shamir na Adleman wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walibuni njia iliyokuja kuitwa RSA, wakaomba mwezi wa Desemba 1977, na hataza ikatolewa Septemba 1983. Stanford ilishikilia kwamba hataza zake zinafunika ufunguo wa umma kwa upana wake. Kama ni hivyo, mwenye RSA alihitaji leseni ya Stanford ili atumie uvumbuzi wake mwenyewe. Mwaka 1990 pande hizo mbili zilikusanya hataza zao chini ya ubia mmoja, Public Key Partners, ili anayetaka leseni aende mlango mmoja. Kama hataza ingekuwa ruhusa ya kutengeneza, wenye RSA wasingekuwa na sababu ya kuingia katika ubia huo.

RSA inafundisha na jambo la pili linalosahauliwa sana: hataza ina mipaka ya nchi. Njia hiyo ilielezwa katika jarida moja maarufu la sayansi mnamo Agosti 1977, miezi kabla ombi halijawasilishwa. Sheria ya Marekani ilimpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuomba baada ya kuchapisha. Sehemu kubwa ya dunia haikuwa na nafasi hiyo. Kilichokwisha kusomwa hadharani si kipya tena. Kwa hiyo RSA ilikuwa na hataza Marekani, na kwingineko ikawa mali ya kila mtu. Na Clifford Cocks, mtaalamu wa hesabu katika shirika la ujasusi wa mawasiliano la Uingereza, GCHQ, alikuwa amefikia njia ileile tangu mwaka 1973. Kazi yake ilifichwa hadi mwaka 1997, na kwa kuwa haikuwa imetoka hadharani haikuondoa upya wa ombi la MIT. Kutangulia kuvumbua gizani hakumpi mtu chochote mbele ya ofisi ya hataza.

Matokeo yake yalionekana ndani ya programu moja tu, PGP, iliyokuwa ikifunga barua pepe katika miaka ya 1990. Ilitumia RSA kwa funguo na IDEA, njia nyingine ya usimbaji fiche, kwa kufunga ujumbe wenyewe. Toleo la Marekani lililazimika kutumia maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya RSA iliyotolewa kwa masharti ya leseni, huku toleo la kimataifa likitumia msimbo wake lenyewe bila kuomba mtu. Lakini IDEA, iliyotoka Uswisi, ilikuwa na hataza Ulaya na Marekani pia, na aliyetaka kuitumia kibiashara alipaswa kulipia. Faili moja kwenye diski, na haki zilizomo ndani yake zinabadilika kila inapovuka mpaka. Anayeniambia kuhusu "hataza ya dunia nzima" ningependa aichunguze PGP kidogo. Hata ombi la kimataifa linalopitia Shirika la Miliki Ubunifu Duniani ni ombi tu; hataza hutolewa na ofisi za nchi au za kanda, na kila moja inaweza kukubali au kukataa.

Jambo la tatu ni madai. Hati ya hataza ina maelezo marefu, michoro na mifano, lakini kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye orodha ya madai mwishoni, kwa maneno yake. Kichwa cha hati hakilindi kitu. Wallace Carothers, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, alipovumbua nailoni, hataza zilifunika njia ya kuunganisha aina mbili za molekuli, zinazopokezana kwenye mnyororo. Alikuwa pia ameandika kwamba kaprolaktamu, molekuli yenye umbo la pete, haiwezi kuunda mnyororo huo. Mwaka 1938 Paul Schlack wa kampuni ya kemikali ya IG Farben, Ujerumani, aliipasha moto pamoja na kichocheo kinachofaa, pete ikafunguka, na uzi ukapatikana. Mtu wa mtaani angeziita zote mbili nailoni, na hata sasa huitwa nailoni 66 na nailoni 6. Lakini kwa njia ya madai, Schlack alikuwa amepita pale ambapo ukuta haukujengwa.

Kuhusu ile kauli kwamba hataza ni uthibitisho, nitakuwa mfupi. Mchunguzi wa ofisi ya hataza husoma maandishi na kuyalinganisha na yaliyokwisha kuchapishwa. Hana maabara, hachaji betri mara elfu moja kuona kama itachoka, hajaribu kuvunja usimbaji fiche. Na alichokubali yeye kinaweza kufutwa. Mwaka 1912 kampuni ya kemikali ya Hoechst iliipeleka mshindani wake BASF mahakamani Leipzig, Ujerumani, ikitaka hataza ya mkemia Fritz Haber ya kutengeneza amonia kwa shinikizo kubwa ibatilishwe, kwa hoja kwamba mkemia mwingine, Walther Nernst, alikuwa tayari amefanya majaribio ya namna hiyo. Nernst mwenyewe alitoa ushahidi upande wa BASF, na hataza ikasimama. Mwaka uliofuata kiwanda cha BASF cha Oppau kikaanza kuzalisha amonia. Hata hivyo hataza ya mchakato peke yake isingekifikisha kiwanda hicho popote. Haber alitumia osmiamu na urani, vitu adimu, mpaka Alwin Mittasch na timu yake walipojaribu maelfu ya michanganyiko na kupata chuma kilichochanganywa na oksidi kidogo za metali nyingine. Kichocheo hicho kilikuwa na hataza zake peke yake.

Kwa hiyo habari ikisema kampuni imepata hataza ya betri inayochajiwa haraka, haisemi kwamba betri hiyo ipo, wala kwamba inachajiwa haraka, wala kwamba kampuni iko huru kuiuza. Usahihi unahitaji maneno machache tu zaidi: kampuni hii, katika nchi hizi, hadi mwaka fulani, inaweza kuwazuia wengine wasitumie kile kilichoelezwa kwenye madai yake. Na kama bado ni ombi, iandikwe kwamba imeomba, kwa sababu maombi huchapishwa kwa kawaida miezi 18 tangu kuwasilishwa, muda mrefu kabla ya uamuzi, na hati iliyochapishwa huwa na namba inayomfanya msomaji adhani imekwisha kutolewa.