Kamala, jitu la Uganda lililozaliwa Mississippi

Kijana akija kwangu na jeraha la mieleka, kwanza hunionyesha bega. Mimi humwambia avue viatu. Hushangaa, wengine hucheka. Nilianza kufanya hivyo kwa sababu ya mtu ambaye sikuwahi kukutana naye, aliyepigana peku kwa jina la nchi yetu karibu miaka 30.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Kampala, lakini nimekulia kambi ya jeshi Jinja, na Kiswahili changu ni cha huko. Jumapili tulikuwa tukijazana kwenye kibanda cha video kutazama kanda za mieleka zilizochakaa. Siku moja akatokea mtu mkubwa kupita kiasi, uso umepakwa rangi, kifuani na tumboni amechorwa nyota na mwezi, kavaa kipande cha chui kiunoni, mkononi mkuki na ngao. Mfasiri akapiga kelele: huyu wa kwetu! Tukaambiwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Nyuma yetu alikaa mzee mmoja, sajini mstaafu, akasema polepole, "Mlinzi wa Amin bila buti? Angelala ndani siku hiyo hiyo."

Mzee aliona mbali. Yule mtu aliitwa James Harris, mzaliwa wa Senatobia, jimbo la Mississippi, Marekani, mwaka 1950. Alitoka katika familia ya wakulima wa mashamba ya watu wengine, akachuma matunda Florida, akaendesha malori, kisha huko Michigan akakutana na mwanamieleka mkongwe Bobo Brazil, aliyemfundisha kazi. Aliingia ulingoni 1978. Miaka ya mwanzo alibadilisha majina kama mashati: Sugar Bear Harris, Big Jim Harris, na Uingereza walimwita Mississippi Mauler. Hakuna lililoshika.

Mwaka 1982, mjini Memphis, mwanamieleka Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett wakambuni Kamala. Amin alikuwa ameshapinduliwa miaka mitatu nyuma, lakini jina lake bado lilitisha Marekani, na biashara ya mieleka huuza hofu kama sisi tunavyouza matoke. Picha za kumtambulisha, eti yuko msituni Uganda, zilipigwa kwenye shamba la Jarrett huko Tennessee, kwa ukungu wa barafu kavu. Ajabu ni kwamba bila kukusudia walimpa jina zito: Buganda, Katikkiro, yaani waziri mkuu wa ufalme, huitwa Kamalabyonna, mwenye kumaliza yote. Waganda kibandani walilipenda jina kabla hawajampenda mtu.

Sasa, mtu wa kilo zaidi ya 170 anadumuje miaka yote hiyo kwenye kazi ya kuanguka? Watu hudhani mieleka ya maonyesho haiumizi kwa sababu mshindi amepangwa. Mshindi amepangwa, mbao hazijapangwa. Chini ya turubai la ulingo kuna godoro jembamba la sponji, chini yake mbao, chini yake vyuma. Kuna namna ya kuanguka: kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge, mgongo wa juu unatua wote kwa pamoja, mikono inapigwa sakafuni kwa upana, pumzi inatolewa. Shabaha ni kuyagawa maumivu sehemu kubwa ya mwili, yasikae mahali pamoja. Ukitua kwa kiwiko au nyonga, umekwisha. Na hata ukitua vizuri, pingili za mgongo huhesabu kila pigo, kimyakimya. Mwanamieleka Ric Flair alivunjika mgongo sehemu tatu katika ajali ya ndege 1975, akarudi ulingoni, akajizoeza kutua kwa ubavu zaidi, na pambano alilolitangaza kuwa la mwisho alilipigana 2022 akiwa na miaka 73. Simshauri mtu amuige.

Harris hakuhitaji ujanja huo, maana Kamala hakuanguka sana. Hilo ndilo nililoligundua nilipoanza kumtazama kwa macho ya kazi. Jitu halibebeki kirahisi, kwa hiyo wapinzani walimpiga akayumba, wakampiga tena akayumba, na watu wakahesabu kila kuyumba kama ushindi. Silaha zake zilikuwa makofi ya shingo, kujipigapiga tumbo, na kumlalia mtu kwa uzito wake wote. Mpambano mzima angeweza kwenda chini mara mbili tatu, wakati mwembamba mmoja wa kurukaruka hutua mara ishirini usiku mmoja. Zidisha hiyo kwa usiku mia mbili kwa mwaka utaelewa kwa nini magoti ya wanaoruka huzeeka kabla ya nyuso zao.

Tena hakukaa mahali. Zamani Marekani ilikuwa imegawanywa katika maeneo ya mapromota, kila mmoja na televisheni yake ya mtaani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Harris aliondoka kabla ya jembe. Anaingia Memphis, anawaponda wadogo kwa wiki kadhaa, anakutana na shujaa wa mji, anashindwa mbele ya ukumbi uliojaa, anafunga mkoba kwenda Texas au Louisiana, ambako hawajamchoka. WWF, kampuni kubwa ya mieleka ambayo leo ni WWE, ilimchukua 1984, ikamrudisha 1986 kupambana na bingwa Hulk Hogan, ikamrudisha tena 1992. Agosti mwaka huo alisimama uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000, dhidi ya Undertaker, mwanamieleka aliyeigiza mfu. Novemba wakapambana tena, safari hii mshindwa anafungiwa ndani ya jeneza, na aliyefungiwa alikuwa Kamala.

Linganisha hao wawili. Undertaker alianza WWF 1990 na kuagwa 2020, na katikati alijigeuza: mfu, mwendesha pikipiki, mfu tena. Alikuwa na sauti. Kamala hakuruhusiwa kusema neno. Alikuwa na msimamizi aliyevaa kofia ya safari na kufunika uso, Kim Chee, wa kumwelekeza adui yuko upande gani, na meneja wa kusema kwa niaba yake. Katika kazi hiyo mtu hula kwa mdomo: maneno ndiyo yanayouza tiketi, na mwenye kuuza tiketi ndiye mwenye nguvu ya kudai malipo. Wanamieleka wa Marekani huhesabiwa kama mafundi wa kujitegemea, hata waliomo makampuni makubwa, kwa hiyo kila mtu hujitetea mwenyewe. Mwaka 1993 walijaribu kumfanya mtu: meneja Slick, aliyekuwa amegeuka mchungaji, akaanza kumfundisha kuwa yeye ni binadamu. Niliiona kanda hiyo nikiwa mtu mzima, nikaizima. Miezi michache baadaye Harris alikuwa ameondoka WWF, amerudi kwenye usukani wa lori.

Nadhani ukimya huo ndio uliomdumisha na ndio uliomwangusha. Mtu asiye na maneno hana umri. Ndiyo maana 2001 waliweza kumwita WrestleMania, tamasha kuu la WWF, pale Houston, katika pambano la wahusika wa zamani, na tumbo lile lililochorwa likashangiliwa kana kwamba jana. Alipigana hapa na pale hadi 2010. Lakini nyuma ya rangi mwili ulikuwa na umri wake.

Harris aliambiwa ana kisukari 1992, mwaka ule ule wa Wembley. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hula mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, kwenye vidole vya miguu. Mgonjwa haumwi, na hapo ndipo hatari ilipo. Anakanyaga msumari hajui, anaungua na lami hajui. Mishipa ya damu nayo imebana, kidonda hakipati damu ya kukiponya, usaha unafika kwenye mfupa. Na huyu kazi yake ilikuwa kupigana miguu mitupu, kwa sababu waliobuni Mwafrika wao hawakumpa viatu. Siwezi kusema ulingo ndio uliomkata. Kisukari hukata miguu ya makarani pia, nawaona kila wiki. Ila sijui mhudumu yeyote wa miguu angeruhusu kitu kile. Novemba 2011 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, Aprili 2012 wa kulia. Alifariki Agosti 2020, baada ya kupata korona.

Mukono sasa kuna mieleka yetu wenyewe, Soft Ground Wrestling, iliyoanzishwa na Daniel Bumba, ajulikanaye kama Bumbash, na kusambaa mtandaoni kuanzia 2023. Ulingo wao ulikuwa wa matope, umezungushiwa nguzo za miti. Wanaocheka hawajui: tope linameza pigo kuliko zile mbao za Marekani. Shida yake ni nyingine. Kifundo cha mguu huzama huku mwili ukizunguka, na tope huficha vipande vya chupa na vijiti. Wanaojaribu michezo hiyo mitaani na kuja kwangu, wengi hupigana peku.

Kwa hiyo nawavua viatu. Nina uzi wa plastiki unaopinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. Namwambia afumbe macho, naugusisha kwenye kidole gumba, kisha chini ya kidole cha tano, kisha kisiginoni, aseme anapouhisi. Wiki iliyopita kijana wa miaka 24, mwenye bega lililoteguka, alinyamaza mara mbili nikimgusa. Nikamuuliza kama anakunywa maji sana usiku. Akafumbua macho akauliza, "Daktari, umejuaje?"