Upawa wa maji vitani: jinsi Waashuru walivyouteka mji wa Lakishi

Wengi wetu tumekutana na Waashuru, watu wa dola ya kale kule Iraki ya leo, kwenye Biblia tu, mfalme wao Senakeribu na mji wao Ninawi na habari za Yona, kwa hiyo picha inayobaki kichwani ni ya watu makatili wanaochoma miji basi. Ukatili ulikuwepo kweli, tena waliuchonga wenyewe kwenye kuta za majumba yao ili kila mgeni aone aogope. Lakini mimi ninayefanya kazi ya kuelimisha watu makumbusho huwa nawaambia wanafunzi waangalie kwanza maandalizi, maana hapo ndipo nguvu ya hawa jamaa ilipokuwa.

Tuchukue Lakishi, mji wa Yuda wenye ngome, kusini magharibi mwa Yerusalemu, mwaka 701 KK. Mji uko juu ya kilima na una kuta nene, sasa unaingiaje? Waashuru wakajenga njia ya kupandia, yaani wakarundika mawe maelfu kwa maelfu kutoka chini mpaka yakafika ukutani, juu yake wakasawazisha ili mitambo yenye magurudumu ipande. Huo mlima wa mawe upo mpaka leo, wanaakiolojia wameuchimba na wamekuta mamia ya vichwa vya mishale vya chuma na mawe ya kombeo, na kwa ndani ya ukuta wakakuta watu wa Lakishi nao walikuwa wanarundika udongo wao juu kwa juu, ili ukuta ukibomoka wawe na mwingine nyuma yake. Hebu fikiria, huku wanajenga kuingia, kule wanajenga kuzuia, na mishale inapita juu ya vichwa vya wote.

Senakeribu aliporudi Ninawi (ndiyo Mosul ya Iraki ya leo) akaagiza vita nzima ichongwe kwenye mawe, na mawe hayo sasa yako British Museum kule London. Kuna sehemu moja mimi siichoki. Mtambo wa kubomolea ukuta umepanda, una mkuki mkubwa mbele na umefunikwa kuzuia mishale, walioko juu wanaurushia mienge ya moto uungue, na humo ndani ya mtambo kuna askari kashika upawa wenye mpini mrefu anamwaga maji mbele yake ili usishike moto. Yaani kuna mtu alikaa akawaza mapema kwamba hawa watatuchomea mtambo, akapanga maji, akapanga upawa, akapanga na mtu wa kuushika! Pembeni wapiga mishale wamekaa nyuma ya ngao ndefu kuliko mtu, na warusha kombeo wako nyuma yao zaidi.

Jeshi la namna hiyo haliundwi kwa siku moja. Zamani askari wengi walikuwa wakulima wanaoitwa baada ya mavuno, anayetajwa sana kubadilisha mambo ni Tiglath-Pileser III aliyeanza kutawala 745 KK, aliimarisha jeshi la kudumu la mfalme na kuchukua askari kutoka nchi alizozishinda. Mfalme Sargon II naye alipochukua Samaria, mji mkuu wa ufalme wa Israeli, hakuwapoteza waendesha magari ya vita wa kule, akawaingiza kwenye jeshi lake. Farasi wa magari hayo, waliosifiwa sana walikuwa wa Kushi, yaani Sudani ya leo, barua za Ninawi zinawataja. Na makarani hawakosekani, kwenye michoro utawaona wawili wamesimama wanahesabu nyara, mmoja anaandika Kiakadi, lugha ya Waashuru wenyewe, mwingine Kiaramu.

Halafu maneno nayo yalikuwa silaha. Biblia inasema wajumbe wa Senakeribu waliofika Yerusalemu walisimama chini ya ukuta wakaongea Kiyahudi kwa sauti, wakubwa wa mji wakawaomba watumie Kiaramu ili raia wasielewe, amiri wa Waashuru akakataa kwa sababu raia ndio hasa aliotaka wasikie. Aliyekuwa ukutani alijua Waashuru wanaifanyia nini miji kama Lakishi, na kwamba waliobaki hai wanahamishwa na watoto wao juu ya mikokoteni ya ng'ombe wapelekwe mbali, wasirudi kujipanga tena.

Pamoja na yote hayo Yerusalemu haikutekwa. Senakeribu kwenye maandishi yake anasema aliteka miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, kama ndege kwenye tundu, akapokea dhahabu talanta 30 (talanta ni kipimo cha uzito cha zamani), ila kuingia mjini hasemi popote. Na ndiyo maana, kwa maoni yangu, chumba cha jumba lake Ninawi chenye michoro hiyo kilijaa Lakishi mwanzo mpaka mwisho, mfalme amekaa kwenye kiti chake anaangalia mateka wakipita mbele yake, Yerusalemu, mji mkuu wenyewe, haupo.