MIC: maana yake katika vipimo vya dawa za mimea

Ukiambiwa karafuu "inaua bakteria", uliza kwanza: kwa kiasi gani? Hata chumvi ikizidi huwazuia. Jibu ni MIC, yaani kiwango cha chini cha kuzuia: kiasi kidogo kabisa cha dondoo (kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea) kinachofanya bakteria wasiote kwa kuonekana, baada ya saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi joto 35 hadi 37. Kuzuia huko si lazima kuwe kuua, wala namba hiyo si dozi ya kunywa. Kwa dondoo ghafi, chini ya mikrogramu 100 kwa mililita huhesabiwa kuwa nzuri. Likihitaji zaidi ya 1,000 ni dhaifu, hata tangazo liseme nini.

Hupimwa kwenye kisahani chenye vishimo 96. Kila kishimo hutiwa mikrolita 100 za mchuzi wa kuoteshea bakteria. Cha kwanza huongezwa mikrolita 100 za dondoo, huchanganywa, kisha 100 huhamishiwa cha pili, na kuendelea. 100 za mwisho humwagwa. Halafu kila kimoja hutiwa mikrolita 100 za bakteria. Hapo ndipo wengi huteleza, maana bakteria hao nao wamezimua dondoo nusu. Ukianza na miligramu 8 kwa mililita, kishimo cha kwanza kina 2, si 4. Ukisahau, MIC yako itasomeka mara mbili ya ile halisi.

Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji. Huyeyushwa kwanza kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara, na lazima kiwepo kishimo chenye DMSO bila dondoo, kuhakikisha si yenyewe inayozuia. Mvuke wa mafuta hayo pia huingia vishimo vya jirani, hivyo kisahani kifunikwe vizuri.

Mtego mkubwa unatoka kwenye sifa ya pili ya karafuu, ya kuzuia oksidisho. Yujenoli, kemikali yake kuu, ni fenoli: huzipa chembe huria (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi) hidrojeni na kuzituliza. Ndiyo maana hugeuza DPPH, chembe huria ya kupimia yenye rangi ya zambarau, kuwa ya njano. Sasa, wengi husoma MIC kwa resazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi palipo na bakteria hai. Dondoo lenye sifa hiyo linaweza kuigeuza lenyewe, ukadhani bakteria wamepona. Weka kishimo cha dondoo na mchuzi bila bakteria. Nacho kikigeuka waridi, achana na rangi, upandikize tone la kila kishimo kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria.